Kuongeza mchomoko wa pikipiki milimani bila kufungua injini

SWALI: Fundi, heshima kwako. Mimi ni mwendesha boda boda hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na pikipiki yangu ni Bajaj Boxer ya cc 150 niliyoichukua kwa mkopo ambao bado naulipa. Kwenye tambarare haina shida, lakini nikipakia abiria na mzigo wake na kuanza kupanda kuelekea Ziwa Bunyonyi, inachelewa sana kuchomoka na wenzangu wa steji wananipita. Fundi mmoja ananishauri nipanue silinda na kuweka pistoni kubwa, mwingine anasema nitoboe eksozi. Mkataba wa mkopo hauruhusu injini kufunguliwa, na mimi mwenyewe sitaki. Je, kuna njia ya kuifanya iondoke kwa wepesi bila kugusa injini?

JIBU: Ndugu yangu, njia ipo, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumkabidhi mtu spana. Kwa ufupi, nakushauri kwanza uondoe kila kinachoizuia pikipiki yako kati ya injini na barabara, kisha uongeze meno machache kwenye sproketi ya nyuma, yaani lile duara la meno linalovutwa na cheni, ukikubali kupoteza kidogo mwendo wa juu kabisa. Hayo mawili yakifanywa kwa mpangilio huo, utaona tofauti mlimani bila kufungua injini. Sasa naomba nieleze sababu, kwa kuwa bila kuzielewa utauziwa vitu usivyovihitaji.

Kabale iko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hivyo injini ambayo ingekuwa na nguvu kamili pale Mombasa, ikifika Kampala imekwisha kupoteza zaidi kidogo ya sehemu ya kumi, na ikifika kwako imepoteza karibu sehemu ya tano. Huo si ugonjwa wa pikipiki yako. Wenzako wa steji wanapumua hewa ile ile, na wakikupita kwa pikipiki ya aina moja na yako, tofauti iko mahali pengine.

Mahali hapo nitapaonyesha kwa hesabu ndogo ambayo naomba uishike hadi mwisho, kwa sababu kila ushauri unaofuata unarudi kwake. Pikipiki yako, wewe, abiria na mzigo mnaweza kufika kilo 260 kwa urahisi. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 za barabara, uzito huo unavuta nyuma kwa nguvu ya kilo 26, na mlima ukizidi kuwa mkali, nguvu hiyo inaongezeka. Tuseme kwamba kwenye kipande kikali zaidi, mlima na mkwaruzo wa tairi kwa pamoja vinadai kilo 40, na kwamba ukiwa gia ya pili ukafungua mafuta yote, tairi la nyuma linasukuma kwa nguvu ya kilo 60. Kilo 40 zinakwenda kushindana na mlima tu. Zile 20 zinazobaki ndizo zinazokuchomoa, na hakuna nyingine. Sasa fikiria breki ya nyuma inayogusa kidogo tu na kula kilo 3. Ukilinganisha na 60 utaona ni kitu kidogo, lakini baki lako limeshuka kutoka 20 hadi 17, na mchomoko wako umepungua kwa sehemu 15 katika 100. Ndiyo maana kwenye tambarare husikii shida, ilhali mlimani pikipiki ile ile inaonekana kama imechoka. Kwenye tambarare baki ni kubwa na huficha kila kitu.

Kwa hiyo tuanze na vinavyokula baki hilo. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gia huru, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono kwa nguvu na usikilize. Linapaswa kuendelea kuzunguka lenyewe kwa muda, kwa mlio wa cheni ulio sawasawa. Likisimama papo hapo, au likitoa sauti ya kukwaruza inayokuja na kuondoka, breki inashika. Kwenye breki za ngoma chanzo huwa kimojawapo kati ya viwili: nati ya fimbo ya breki imekazwa kupita kiasi na mtu aliyetaka breki ziwe kali, au kile kipande kinachofungua viatu vya breki kimekauka grisi na hakirudi vizuri baada ya kuachia pedali. La kwanza ni la kulegeza nati hadi pedali iwe na nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kabla ya kuanza kushika. La pili linahitaji gurudumu litolewe, ngoma isafishwe vumbi, na kile kipande kipakwe grisi kidogo sana, tena mbali na viatu. Fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la mbele, ambalo watu wengi hulisahau. Kipimo kingine ni cha kuendesha kilomita chache mahali ambapo huhitaji breki, usimame taratibu, kisha usogeze nyuma ya kiganja karibu na habu, yaani kitovu cha kila gurudumu. Habu yenye joto wakati hukuigusa breki inakula petroli yako na mchomoko wako kwa wakati mmoja.

Upepo wa tairi ni jambo la dakika mbili, kwa hiyo sitalikawiza. Pima asubuhi kabla tairi halijapata joto, kwa geji na si kwa kulipiga teke, ufuate kibandiko cha kiwanda. Pikipiki nyingi za namna hii hutaka takriban psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Wewe unabeba abiria kutwa, hivyo kipimo chako cha nyuma ni cha abiria.

Cheni inastahili muda zaidi. Cheni iliyokauka, yenye vumbi jekundu la murram lililogeuka kuwa kama msasa, inakula nguvu kila kiungo kinapojipinda kuzunguka sproketi. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, ifute hadi ikauke, kisha itie oili upande wa ndani, ile sehemu inayogusa meno, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono wakati injini imezimwa. Nasisitiza injini iwe imezimwa, kwa maana vidole vingi vimekatwa na cheni zilizokuwa zikisafishwa huku injini ikinguruma na gia ikiwa imeingia. Baada ya hapo pima mlegeo katikati ya upande wa chini. Milimita 20 hadi 30 ni kipimo cha kawaida, lakini zungusha gurudumu na utafute mahali cheni ilipokaza zaidi, ukapimie hapo. Cheni iliyokazwa sana huliza beringi na kula nguvu, na iliyolegea sana huchelewa kuvuta halafu hushtuka, jambo ambalo abiria wako huhisi kabla yako. Kisha chukua rula. Cheni ya namba 428, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi za ukubwa huo, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute inyooke, hesabu nafasi 20, na upate milimita 254 ikiwa mpya. Ikifika 259, imekwisha, na hakuna oili itakayoirudisha.

Ukiwa bado chini hapo, shika sproketi ya nyuma kwa mikono miwili na uisukume mbele na nyuma gurudumu likiwa limezuiwa. Ndani ya habu kuna raba zinazopokea mshtuko wa cheni. Zikilika, sproketi hucheza, na kila unapofungua mafuta kuna nukta ya kusubiri kabla gurudumu halijasukumwa. Waendeshaji wengi huita hali hiyo uvivu wa injini, lakini dawa yake ni raba za bei ndogo zinazobadilishwa wakati gurudumu limetolewa.

Sasa klachi. Hapa naomba uwe makini, kwa kuwa dalili ulizozitaja zinafanana sana na klachi inayoteleza. Ukiwa gia ya tatu kwenye mlima wa wastani, mwendo ukiwa kama kilomita 40 kwa saa, fungua mafuta yote kwa ghafla. Sauti ya injini ikipanda juu na mwendo ukabaki nyuma, basi sahani za klachi zinateleza na nguvu yako inageuka kuwa joto. Usikimbilie kununua sahani. Angalia kwanza mkono wa klachi. Ncha yake inapaswa kucheza bure kama sentimita moja hadi moja na nusu kabla haujaanza kuvuta. Kama hakuna nafasi yoyote, kebo inaivuta klachi wakati wote, nawe unaendesha kutwa na klachi nusu, na tiba yake ni kuzungusha kirekebishaji cha kebo tu.

La pili ni oili. Klachi ya pikipiki yako inaogelea ndani ya oili ya injini, tofauti na ya gari. Baadhi ya oili za magari zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio hasa klachi inaoutegemea ili ishike. Tafuta herufi JASO MA au MA2 kwenye kopo, uzito wa oili uwe ule ulioandikwa kwenye mwongozo wako, na usishawishiwe na kopo la gari lililobaki gereji kwa sababu tu ni la bure. Ikiwa umerekebisha kebo na kuweka oili sahihi, na klachi bado inateleza, hapo sahani zimelika. Kuzibadilisha ni kufungua kifuniko cha pembeni, kwa hiyo mpelekee wakala aliyekuuzia ili mkataba wako usiguswe.

Jambo jingine ambalo halimjii mtu haraka ni kebo ya mafuta. Injini ikiwa imezimwa, toa mpira wa hewa unaoingia kwenye kabureta, chungulia ndani, na umwombe mwenzako azungushe mkono wa mafuta hadi mwisho. Kama kabureta yako ni ile ambayo kebo huinua kipande kinachopanda na kushuka ndani yake, kipande hicho kinapaswa kupanda hadi njia ya hewa iwe wazi kabisa. Kebo iliyorefuka kwa uchakavu, au mkono uliofungwa vibaya baada ya pikipiki kuanguka, huacha sehemu ya mwisho isifunguke, na mtu akaendesha miezi mingi bila kupata nguvu yote aliyoilipia. Marekebisho yake yako kwenye nati mbili za kebo. Acha mchezo wa milimita 2 au 3 tu kwenye mkono, kisha washa injini ukiwa umesimama na ukate usukani kulia na kushoto. Sauti ya injini isibadilike, maana ikipanda, kebo imekazwa mno na siku moja mafuta yatajifungua yenyewe kwenye kona.

Ukiwa hapo hapo, safisha filta ya hewa. Kwa mtu wa barabara za murram hili ni la kila mara, si la kusubiri sevisi. Filta ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, hukamuliwa bila kupindwa, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa tena. Ile ya karatasi haioshwi, hubadilishwa. Usiiondoe kabisa, kama wengine wanavyofanya wakidhani injini itapumua vizuri, kwa sababu vumbi litakula silinda na utaishia kufungua injini ambayo hukutaka kuifungua. Plagi nayo itoe uitazame. Ikiwa na masizi meusi makavu hata baada ya filta kusafishwa, mchanganyiko una petroli nyingi kuliko hewa, jambo la kawaida kwa kabureta iliyopangwa kwa ajili ya nyanda za chini, na wakala anaweza kuirekebisha kama sehemu ya sevisi.

Sproketi ndiyo kiini cha jibu langu, na ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoongeza msukumo badala ya kurudisha uliopotea. Hesabu meno ya sproketi zako mbili kwa kidole, au soma namba iliyochongwa ubavuni. Usimtegemee mtu aliyekuambia, kwa kuwa zilizowekwa na mwenye pikipiki aliyekutangulia au na duka huenda si za kiwanda. Tuseme umekuta 14 mbele na 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 14 upate 3, maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka 45 nyuma, unapata 3.21. Katika gia ile ile na mzunguko ule ule wa injini, tairi litasukuma kwa nguvu zaidi kwa sehemu 7 katika 100.

Sehemu saba zinaonekana haba hadi uzirudishe kwenye hesabu yetu ya mlima. Tairi lililokuwa likisukuma kwa kilo 60 sasa linasukuma kwa 64 na ushee. Mlima bado unadai 40 zile zile. Baki limetoka 20 hadi 24 na ushee, yaani mchomoko wako umepanda kwa karibu sehemu ya tano. Kadiri mlima unavyokuwa mkali na baki linavyokuwa dogo, ndivyo meno hayo matatu yanavyozidi kuwa na thamani. Hii ndiyo sababu mwenzako anayeendesha Kampala mjini au njia ya Masaka anaweza kukwambia alibadilisha sproketi na hakuona kitu, nawe ukaona tofauti siku ya kwanza, na nyote wawili mkawa mnasema kweli.

Gharama yake ni mwendo. Sproketi haizalishi nguvu, inabadilisha tu mwendo kuwa msukumo. Mzunguko wa injini uliokuwa ukikupa kilomita 80 kwa saa sasa utakupa 75. Kwa kazi ya steji ya Kabale, ambako kati ya mlima na kona hufiki mwendo huo mara nyingi, hiyo ni biashara nzuri. Lakini kama kila wiki unapeleka mizigo Mbarara kwa lami, injini itakuwa ikilia juu kwa saa kadhaa na petroli itakwenda zaidi, kwa hiyo pima kazi yako mwenyewe kabla ya kununua. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitaji: unaposhuka kutoka mlimani ukiwa gia ndogo, injini itakushikilia vizuri zaidi, na viatu vya breki havitapata joto kama awali.

Wengi watakushauri upunguze jino moja mbele badala ya kuongeza matatu nyuma, kwa sababu sproketi ndogo ni rahisi na matokeo yanakaribia kulingana: 42 kwa 13 ni 3.23. Hesabu yao ni sahihi, na kama mfuko hauruhusu zaidi, fanya hivyo. Mimi napendelea nyuma. Sproketi ndogo inailazimisha cheni ijikunje zaidi kila inapoizunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozila pini na kula nguvu kidogo. Pia cheni inasogea karibu na mkono wa fremu unaoshika gurudumu na inaweza kuanza kuukwaruza. Kwa vyovyote nisingeshuka chini ya meno 13 mbele. Wala nisingefanya yote mawili kwa pamoja: 45 kwa 13 inafika 3.46, na ule mzunguko wa kilomita 80 unakuwa chini kidogo ya 70. Kwenye barabara ya Katuna, ambako malori yanayokwenda Rwanda yanakuja nyuma yako kwenye mteremko, pikipiki isiyoweza kukimbia kidogo inapohitajika inaweza kukuponza.

Kununua sproketi kunataka jicho. Ukienda mwenyewe au ukimtuma mtu kwenye soko la vipuri la Kisekka jijini Kampala, chukua seti nzima ya sproketi mbili na cheni, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani yaliyopinda kama kulabu italika upesi, na cheni ya zamani italila jino jipya vivyo hivyo. Beba tupa ndogo mfukoni. Kwa ruhusa ya muuzaji, ipitishe taratibu kwenye ncha ya jino moja. Chuma kilichokomazwa kwa moto huiacha tupa iteleze kama kwenye kioo. Tupa ikiuma na kutoa unga, chuma hicho ni laini, na bei yake nafuu utailipa mara ya pili kabla msimu wa mvua haujaisha. Linganisha pia matundu ya boliti na tundu la katikati na sproketi yako ya zamani, uziweke moja juu ya nyingine mezani pale pale.

Urefu wa cheni nao usikusahaulie. Meno matatu zaidi yanahitaji cheni ndefu zaidi kwa nafasi moja na nusu hivi, zile nafasi za kutoka pini hadi pini. Ukitumia cheni ya urefu wa awali, gurudumu litasogea mbele karibu milimita 10, na huenda virekebishaji vya nyuma havina nafasi hiyo. Kwa kuwa cheni hufungwa kwa nafasi mbili mbili, nunua iliyo ndefu kwa nafasi mbili, na gurudumu litakaa karibu sana na mahali pake pa zamani. Unapoifunga, kilipu ya kiungio ikae na upande uliofungwa ukitazama kule cheni inakoelekea inapozunguka, ili kitu kikigonga kisiweze kuichomoa. Hakikisha alama za virekebishaji ni sawa kulia na kushoto, kwa sababu gurudumu lililokaa mshazari litakula kila ulichokipata. Kama kebo ya spidi yako inatoka gurudumu la mbele, kipimo cha mwendo hakitapotoshwa na mabadiliko haya.

Kuna jambo linaloharibu kazi hii yote bila mtu kujua, nalo ni tairi kubwa. Waendeshaji wa milimani hupenda tairi nene la nyuma kwa ajili ya matope. Tairi la 3.50 badala ya 3.00 kwenye rimu ya 17 huongeza kimo cha gurudumu kwa zaidi kidogo ya sehemu 4 katika 100, na kimo hicho kinafanya kazi kinyume cha sproketi. Zaidi ya nusu ya faida ya meno yako matatu imepotea, na bado uzito wa tairi haujahesabiwa. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu ni mzigo mara mbili unapoondoka, kwa kuwa injini inalazimika kuusogeza mbele na papo hapo kuuzungusha. Kama tairi lako la sasa ni nene kuliko la kiwanda na kazi yako ni ya lami zaidi kuliko matope, kurudi kwenye kipimo cha kiwanda peke yake kutakupa mchomoko.

Uzito mwingine sina mengi ya kuueleza. Vyuma vya kukinga magoti, keria ya kuchomelea na kreti iliyofungwa nyuma mwaka mzima vinaweza kufika kilo 10, na kwako kila kilo inapandishwa mlima mara nyingi kwa siku. Keria unaihitaji kwa kazi. Vyuma vya mapambo huvihitaji. Abiria wa pili sitamjadili kama suala la mchomoko, kwani sheria inakuruhusu mmoja na breki zako pia zimetengenezwa kwa mmoja.

Mwisho kabisa katika vitendo, ingawa ningeweza kuutanguliza, ni mkono na mguu wako mwenyewe. Mazoea ya kupandisha gia mapema ili kuokoa petroli yanafaa kwenye tambarare na yanakugharimu mlimani. Injini ndogo ina nguvu zake za kuvuta kwenye mzunguko wa kati, si chini. Ukifungua mafuta na kusikia injini ikitetemeka na kugonga badala ya kupanda, gia ni kubwa mno, na petroli unayoiongeza haigeuki kuwa mwendo. Shuka gia kabla ya mlima kuanza, wakati bado una kasi, badala ya kusubiri hadi pikipiki iombe. Unapoondoka na abiria, achia klachi yote mapema uwezavyo bila kuizima injini, kaa gia ya kwanza hadi sauti ipande vizuri, kisha ingiza ya pili kwa haraka bila kufunga mafuta kwa muda mrefu kati ya gia na gia. Ukishabadilisha sproketi, utakuta gia ya pili inashika mahali ilipokuwa ikishindwa, na hapo mazoea ya zamani ya vidole na mguu yatahitaji siku kadhaa kurekebishwa.

Ili ujue kwa hakika ulichokipata, pima. Chagua kipande cha mlima kisicho na watu asubuhi na mapema, kati ya nguzo mbili za umeme, mchukue rafiki mmoja yule yule awe abiria, na umwombe mtu mwingine asimame pembeni akipima kwa saa ya simu kutoka kusimama hadi nguzo ya pili. Rudia mara kadhaa na uchukue wastani. Fanya hivyo kabla ya kugusa chochote, kisha baada ya kurekebisha breki, cheni, klachi na kebo, halafu baada ya sproketi. Usipime baada ya kubadilisha kila kitu kwa mkupuo, kwa kuwa hutajua ni kipi kilichokusaidia, na huenda ukagundua kwamba marekebisho ya bure yalitosha na fedha ya sproketi ukaipeleka kwenye deni la pikipiki.

Kuhusu mkopo wako, sproketi na cheni ni vipuri vya kulika vinavyobadilishwa kwenye kila pikipiki, na injini haifunguliwi. Hata hivyo mjulishe aliyekukopesha kabla ya kazi, na zile za zamani zihifadhi zikiwa zimepakwa oili ili uweze kuzirudisha akitaka. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, rudi chini na spana: cheni mpya hulegea kidogo inapoanza kuzoea meno, na boliti za sproketi ya nyuma zinahitaji kukazwa tena mara hiyo moja.